Taa Mbili za Kijani

Hakuwa na gari. Hakuwa na ofisi, wala kibao cha mlangoni, wala karani wa kuwaambia watu wasubiri. Hakuwa na kitambi, ambacho kwa fundi wa makamo ni kama cheti cha pili. Hakuwa na saa ya mkononi, kwa sababu kila aliyoipata aliifungua aone inavyokwenda, na haikwenda tena. Hakuwa na simile. Hakuwa na usingizi wa kueleweka. Na zaidi ya yote hakuwa na makalio. Mkewe ndiye aliyesema hivyo, kwamba siku watu wanagawiwa makalio ya kukalia, mume wake alikuwa amesimama mlangoni anatazama nyaya.

Alichokuwa nacho ni jina, nalo la kupachikwa. Mtaa mzima walimwita Hamsini. Umeme, alikuwa akiwaeleza watu kwenye kiti cha kinyozi, kwenye foleni ya unga na hata msibani, unapiga kama moyo, mara hamsini kila sekunde. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko mitambo inavyoweza kubeba, mapigo hushuka, wakizima, hupanda. Yakishuka sana, mitambo hujitoa mmoja baada ya mwingine, na watu hutafuta mishumaa. "Hamsini," alimalizia kila mara, kidole juu kama mwalimu, "si arobaini na tisa." Jina likamganda.

Mji wao ulikuwa mwisho wa laini. Nguzo zilipanda vilima, zikashuka mabonde, na mpaka kufika kwao umeme ulikuwa umechoka kama mgeni aliyekuja kwa miguu. Jioni, watu wakiwasha pasi na majiko kwa pamoja, volti zililegea mpaka balbu zikawa nyekundu kama makaa yanayozimika. Mara nyingine laini yote ilikata.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mke wake. Yeye alitotolesha vifaranga kwa mashine, sanduku kubwa la mbao lenye feni, hita na sinia za mayai, lililokaa chumba cha uani. Yai likipozwa jioni moja, mbili, linakufa ndani kwa ndani, nawe hujui mpaka siku ya kuangua. Alikwisha kuzika sinia baada ya sinia nyuma ya nyumba bila kusema neno, na kimya cha mwanamke yule kilikuwa kizito kuliko matusi.

Kwa hiyo Hamsini aliposhika njia kwenda kuwashawishi watu wawili wenye uwezo wafunge sola na betri kubwa, aliwaambia ni kwa faida ya mji. Ilikuwa kweli. Lakini kilichompeleka mbio ni kile kimya.

Wa kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, aliyekuwa na mashine ya kusaga juu kabisa ya mtaa. Watu walimwita Msagaji. Wa pili alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki na nyama, chini kabisa ya mtaa. Huyo aliitwa Barafu, kwa ajili ya biashara yake, si kwa tabia, maana alikuwa mtu wa kuchemka kabla maji hayajabandikwa jikoni. Nyumba ya Hamsini ilikuwa katikati. Msagaji na Barafu hawakuwa maadui. Walikuwa wawili ambao kila mmoja aliamini kwamba familia hizi mbili zilipounganishwa, upande wake ndio ulioleta heshima.

Hamsini aliwafungia wote. Mabamba ya sola yalifunika mapaa, betri zikapangwa kwenye makabati ya chuma, na kando yake ikasimama inverta, kasha lenye ukubwa wa kabati la vyombo na lenye akili kuliko wengi waliolizunguka. Inverta ile ilisikiliza laini saa zote. Mapigo yakishuka, ilichota kwenye betri na kusukuma. Yakipanda, ilimeza. Volti zikilegea iliziinua, zikizidi ilizikandamiza, na yote hayo kabla mtu hajapepesa jicho. Shirika la umeme lilikubali ziunganishwe kwenye laini, na jioni ya kwanza balbu za mtaa mzima ziliwaka nyeupe mpaka watoto wakatoka nje kuzitazama. Mashine ya vifaranga ikaangua sinia nzima. Mkewe alikuja na kifaranga kiganjani, akakiweka juu ya meza mbele yake, akaondoka. Hamsini aliona amepewa nishani.

Hapo ndipo alipofanya kosa, tena alilifanya kwa furaha.

Kazi ya inverta haionekani. Taa ikiwaka vizuri, nani anauliza kwa nini? Jambo hilo lilimkera. Basi alinunua taa mbili za kijani, akafunga moja ukutani kwa Msagaji na moja ukutani kwa Barafu, zote zikielekea barabarani, akaziunganisha ili ziwake kila inverta inapoisaidia laini. Alitaka watu waone.

Wakaona. Ikawa ndiyo burudani ya jioni. Vijana wa kibarazani walitazama juu, wakatazama chini, wakatoa hukumu: leo Msagaji ndiye anatubeba, Barafu kalala. Kesho yake ikawa Barafu ndiye mwanamume, Msagaji betri zake zimechacha. Muuza nyanya alipunguza bei kwa yule aliyewakiwa na taa. Na kila mmoja wa wale wawili alikuwa na namba ya siri ya kuingia kwenye inverta yake, kwa sababu Hamsini aliwapa mwenyewe. Kaka ni kaka, na shemeji ukimnyima kitu kama hicho, utalala nje.

Shida ilipoanza, aliisikia kabla ya kuiona. Alikuwa anakula. Feni ya mashine ya vifaranga ilivuma kule uani, kisha sauti ikapanda kidogo, ikashuka, ikapanda. Akaacha tonge hewani. Balbu juu ya meza ilikuwa inapumua, inavimba na kusinyaa taratibu kama kifua cha mtu aliyelala.

"Kaa," mkewe akasema, bila kuinua macho.

"Unaisikia?"

"Nimeisikia tangu juzi. Sikukwambia ili ule umekaa."

Hakumaliza kula. Alitoka nje na testa yake, akapima, akaenda mpaka juu ya mtaa, akateremka mpaka chini, mguu mosi mguu pili, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Juu taa ya kijani iliwaka. Chini taa ya kijani iliwaka. Zote mbili, bila kukatika, wakati jua lilikuwa bado lipo na laini ilikuwa haidai chochote.

Usiku haukumpa raha, na mchana uliofuata ulimletea barua. Tarishi wa shirika la umeme aliiweka mkononi mwake kama anayempa mtu habari za mgonjwa. Barua ilisema kwamba mitambo ya shirika imeona volti za mji ule zikiyumba, na kwamba chanzo ni inverta mbili zinazopigana. Shirika lilitaka jibu la maandishi litiwe posta si zaidi ya Ijumaa: namba zimerudishwa zilivyokubaliwa, wenye mali wote wametia saini, na kuanzia hapo namba za siri ziwe mikononi mwa shirika. Bila hivyo, zote mbili zitakatwa kwenye laini.

Alimpigia simu mhandisi aliyeandika barua, mama mmoja mwenye sauti ya upole na haraka. Mhandisi alimweleza kwamba kwenye kioo chake anaziona zikienda kama watu wawili kwenye msumeno mmoja, mmoja akivuta mwingine anasukuma, ila hapa hakuna mti unaokatwa. Volti zikitikisika kidogo tu, ya juu inaruka kuzisaidia. Ya chini inaona mtikisiko wa ya juu, nayo inaruka. Ya juu inaona tena. Alimuuliza nani amezigusa namba. Hamsini alijibu kwamba atafuatilia.

Mkewe aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaenda uani akaweka kiganja juu ya sanduku. Mayai yalikuwa yameingia juma la mwisho. Vifaranga vilikwisha kuahidiwa kikundi cha akina mama, na wengine walikuwa wamejenga mabanda tayari. Inverta zikikatwa, jioni zitarudi kuwa zile za zamani, na mayai haya hayataziona jioni nyingi.

"Wewe ndiye uliyewapa taa," alisema.

Alianzia kwa kaka yake. Msagaji alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope, amesimama mbele ya inverta kama mlinzi wa benki.

"Kaka, nani amegusa hizi namba?"

"Namba zipi?"

"Hizo unazozifunika kwa mgongo."

Msagaji akasogea nusu hatua. "Nimeipunguza moja tu."

"Umeipunguza mpaka sifuri."

"Kwani sifuri si namba?"

Hamsini alijaribu kueleza kwa utulivu, ambao hakuwa nao. Alikuwa ameiachia kila inverta nafasi ya kutulia, kijipengo kidogo juu na chini ya kiwango. Laini ikitikisika ndani ya pengo hilo, mashine inatulia. Ikitoka nje ya pengo, ndipo inainuka. Ukiondoa pengo, mashine haipumziki tena. Inaruka kwa kila kinachotikisika, hata kivuli chake. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta unga mikononi.

"Yule shemeji yako ndiye alianza," alisema. "Taa yake inawaka mchana kutwa. Watu wanapita hapa wananiuliza kama betri zangu zimekufa. Mimi niulizwe na muuza nyanya?"

Kwa Barafu mambo hayakuwa tofauti. Alimkuta mlangoni pa chumba cha baridi, amevaa koti zito juani, jasho linamtoka puani. Hata kabla ya salamu kukamilika alisema kaka mtu ndiye alianza, yeye amejibu tu.

"Basi rudisha, shemeji. Ukirudisha wewe, naye atarudisha."

"Nitangulie kuzima mimi? Kesho wataniita Jivu."

"Shirika litazikata zote."

"Mwambie aanze yeye, mimi namfuata palepale."

"Naye kasema uanze wewe."

"Basi tutaonana Ijumaa," akasema Barafu, akaingia kwenye baridi yake, akafunga mlango.

Mtu angeuliza kwa nini fundi hakubadilisha namba za siri akawafungia nje. Aliliwaza hilo mara nyingi kuliko alivyopepesa macho. Lakini baba yao alipofariki, Msagaji ndiye aliyemshika mkono akamlea. Kumfungia mashine yake mwenyewe ni kumwambia wewe mtoto. Na Barafu ukimfungia mlango anavunja ukuta. Zaidi ya hayo, saini zilitakiwa, na saini hailazimishwi. Alizirudisha namba kwa mkono wake, juu na chini, akiwasihi. Kabla ya jioni zilikuwa zimebadilika tena, na balbu juu ya meza yake inapumua.

Siku zile hakuwa mtu wa kuishi naye. Alisimama akila, alisimama akinywa. Mkewe akigeuza mayai, alimkuta mlangoni. Akitoka kupumzika, alimkuta ukumbini ametega sikio kuisikiliza feni ya uani, midomo ikihesabu. Alimwambia aende hata sokoni akanunue kitu. Alikwenda, akarudi mikono mitupu, akiwa na wazo.

Ilikuwa hivi: hawa watu hawajali namba. Wanajali taa. Basi taa igeuzwe. Badala ya kuwaka mashine inapohangaika, iwake mashine inapotulia. Alipanda ngazi mchana uleule, kwa kaka kisha kwa shemeji, akabadilisha waya mbili kila upande, na kila aliposhuka alieleza kwa uso mkavu kwamba siku hizi ndivyo mambo yalivyo: taa ikiwaka, maana yake mwenye mtambo ameshiba. Mwenye taa iliyozimika ndiye anayehangaika.

Msagaji aliitazama taa kwa muda. "Na ya yule?"

"Yake nayo ni hivyohivyo."

"Tutaona nani ameshiba," akasema, na Hamsini akajua ameuza.

Jioni hiyo balbu ilitulia. Feni ilivuma sauti moja, kama mtu anayeomba dua. Kibarazani hukumu ziligeuka bila mtu kuona haya: Barafu katulia, mtu mzima huyo. Mkewe alitega sikio, akamtazama mumewe kwa jicho la pembe, kisha akacheka kidogo. Na Hamsini, kwa mara ya kwanza tangu balbu ianze kupumua, akavuta kiti, akakaa. Akakaa mpaka chai ikaletwa, akakaa mpaka chai ikaisha. Mkewe alisema kumbe makalio anayo, ila alikuwa hayatumii.

Lakini hakwenda kukagua. Alikuwa ameridhika, na kuridhika kulimfunga miguu. Laiti angekwenda, angekuta kaka yake amelipanua lile pengo la kutulia, akalipanua tena, ili taa isije ikazimika hata kwa bahati mbaya. Na shemeji yake, aliyesikia habari hizo kwa muuza nyanya, amelipanua zaidi. Mashine zilizokuwa haziwezi kukaa sasa zilikuwa haziwezi kuamka.

Ilikuwa Alhamisi, jua linazama. Mahali fulani mbali, mtambo mkubwa ulijitoa. Hamsini alisikia feni ikishuka, akangoja ipande. Haikupanda. Sauti iliendelea kuzama, balbu ikawa nyekundu, ikawa rangi ya kutu, kisha ule mlio mdogo ambao mtu hausikii mpaka ukome ukakoma. Nje ya mji, swichi ya nguzoni ilikuwa imejikata. Pasi zikapoa, redio zikanyamaza, mtaa wote ukawa giza.

Alitoka barabarani. Juu kabisa, ukutani kwa Msagaji, taa ya kijani iliwaka. Chini kabisa, ukutani kwa Barafu, taa ya kijani iliwaka. Kila nyumba kati ya hizo mbili ilikuwa imezama gizani, na zile taa ziliwaka kwa raha zao, zikiuambia mji kwamba mambo ni shwari.

Mkewe alisimama nyuma yake, khanga begani. Kwa kawaida alimwita baba watoto. Jina la mtaani alilitumia akiwa amekasirika tu.

"Hamsini," alisema, "zile taa zinamcheka nani?"

Mkewe aliendelea, kwa sauti ya chini, kwamba mayai yameanza kugongwa kwa ndani. Mawili yamekwisha kupasuka ufa. Ameshafunika sanduku kwa mablanketi yote ya nyumba, litashika joto kiasi fulani, si zaidi. Kulihamisha sasa ni kuyaua. "Kwa kaka yangu kuna umeme, kwa kaka yako kuna umeme," alisema. "Katikati ndiyo hakuna. Uletwe katikati."

Alimpigia mhandisi. Alimweleza yote bila kupamba, na taa alizitaja. Upande wa pili palikuwa na kelele za chumba chenye simu nyingi. Mhandisi alisema laini kubwa haitarudi upesi, kila mji unaamshwa kwa zamu yake, na mwisho wa laini ni mwisho wa zamu. Lakini swichi ya nje ya mji anaiona imekata, na fundi wa shirika yuko chini ya nguzo, ataifunga kwa kufuli isije ikawashwa. Kwa hiyo mtaa umejitenga, na kwa ruhusa yake betri zile mbili zinaweza kuubeba kwa muda. Sharti ni kwamba mmoja aanze peke yake, apige mapigo hamsini. Wa pili asikilize kwanza, kisha aingie kwenye mdundo uleule. Na kila mmoja akubali kulegea kidogo mzigo unapomzidi, ili mwenzake apokee. Wakikaza wote wawili, zitazimika zote.

Wakagawana. Mke alishuka kwa kaka yake, mume akapanda kwa kaka yake, wakigonga kila mlango njiani: zima pasi, zima jiko, acha balbu moja. Simu zikaunganishwa pamoja, zikawekwa sauti kubwa. Mhandisi akauliza nani anaanza.

Msagaji akasema yeye, maana yuko juu. Barafu akasema yeye, maana betri zake ni mpya. Msagaji akasema mpya si kitu. Barafu akasema hata kelele za mashine ya kusaga si kitu. Mhandisi alijaribu kuingia katikati, akasukumwa nje. Hamsini alikuwa anazunguka chumba kile cha unga kama aliyefungwa kamba. Aliwazia sanduku uani, na blanketi, na joto likipenya taratibu kwenye nyuzi zake.

Ndipo sauti ya mkewe ikatoka kwenye simu, haikupanda hata kidogo.

"Ataanza atakayenyamaza kwanza."

Pakawa kimya. Kimya kile kilikwenda mbali. Mhandisi akauliza kama wapo. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, na Hamsini akatazama kaka yake, aliyekuwa amebana midomo mpaka unga unapukutika kwenye masharubu.

"Wangu amenyamaza," Hamsini alisema.

"Na wangu," mkewe akasema. "Ila shemeji yangu ndiye aliyetangulia. Kaka alikuwa bado anapumua kwa sauti."

Barafu aliguna, lakini dada yake ndiye aliyehukumu, tena dhidi ya damu yake, na hilo halikatiwi rufaa. Hamsini alisoma namba moja moja kama mhandisi alivyozitaja, Msagaji akazibonyeza. Pengo la kutulia likarudi lilivyokuwa siku ya kwanza. Ilipofika zamu ya kulegea, kidole cha kaka kikasimama.

"Nilegee?" aliuliza, kama mtu aliyeambiwa avue suruali mbele ya wakwe.

"Kidogo, kaka. Naye analegea hivyohivyo."

"Una hakika naye analegea?"

"Nalegea," Barafu alisema kwenye simu, kwa shida. "Haya, nalegea. Dada yangu ananitazama."

Kidole kikashuka. Inverta ikanguruma, ikapanda, ikashika, na mlangoni Hamsini akaona balbu za karibu zikiwaka, kisha za mbele yake. Zilitetemeka kidogo kadiri mzigo ulivyoongezeka. Aliushika mlango kwa mikono yote miwili. Kule chini inverta ya pili ilikuwa inasikiliza, inasikiliza, kisha ikaingia. Hakusikia chochote, na hivyo ndivyo alivyojua imeingia vizuri. Mtaa mzima ulikuwa unawaka, nyeupe, bila kupumua.

Alikimbia nyumbani. Mkewe alifika pamoja naye, anahema, akatupa mablanketi pembeni. Feni ilivuma. Ndani, kwenye sinia ya juu, ganda moja lilikuwa limefunguka kama kofia, na kitu chenye maji kilikuwa kinajisukuma nje kwa hasira. Kingine kililia ndani ya yai ambalo bado halikuwa na ufa. Walisimama wote wawili wakitazama, na hakuna aliyemwambia mwenzake akae.

Hayakupona yote. Sinia ya chini, iliyokaa karibu na mlango, ilipoteza mayai kadhaa, na mkewe aliyazika kama alivyozika mengine. Lakini safari hii alimwita mumewe ashike koleo.

Asubuhi, Hamsini alipanda ngazi kwa kaka yake na plaizi mkononi. Msagaji alisimama chini akitazama taa ya kijani ikining'inia kwa waya mmoja, kisha ikitoka.

"Sasa watu watajuaje?" aliuliza.

"Hawatajua."

"Hata kidogo?"

"Balbu zitawaka, kaka. Watadhani ndivyo zilivyo."

Msagaji aliishika taa, akaigeuza mkononi. Mwisho aliiweka mfukoni mwa koti lake la unga, akauliza karatasi ya kutia saini iko wapi. Kule chini, taa yake ilipong'olewa, Barafu naye alitaka kujua kama mwenzake ametia. Alipooneshwa, alitia yake pembeni, kubwa kidogo, iliyopanda mstari. Hamsini alimwachia hilo.

Barua aliiandika mezani kwake, kwa hati aliyofundishwa darasa la jioni, iliyolala upande mmoja kama nyasi. Alieleza namba zilizorudishwa. Alieleza taa, nani alizifunga na kwa nini zimeondolewa. Alipofika penye namba za siri, kalamu ikasita. Za pande zote mbili alikuwa nazo yeye tu, kitu pekee ambacho mtaa mzima hawakuwa nacho; alizibeba kichwani kama funguo za ghala. Feni ilivuma kule uani, na juu yake sauti ndogo nyingi zikilia kwa pamoja. Akaandika kwamba wenye mali wameomba, naye anaomba pamoja nao, namba zibadilishwe na zikae kwa shirika peke yake, na asipewe hata yeye, kwa kuwa ana kaka na ana shemeji.

Mkewe aliisoma juu ya bega lake. Alisema sentensi ya mwisho peke yake ingetosha. Kisha akasema posta hufunga mapema Ijumaa, kama kwamba yeye angeweza kusahau.

Aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa ngumi juu ya meza, akaibana tena. Alikwenda posta kwa hatua ndefu, akapita chini ya ukuta wa Barafu, uliobaki na matundu ya misumari, hakuna aliyetazama juu. Kwenye dirisha alibandika stempu, akaitazama anwani mara ya mwisho, akaisukuma bahasha ndani ya kisanduku cha barua. Alibaki amesimama pale, sikio karibu na chuma, mpaka alipoisikia imefika chini.